Usipige Linux Kabla Hujaijaribu

*Dada, nasoma mwaka wa mwisho chuoni, hapa Morogoro. Laptopu yangu ni Dell ya mtumba, RAM 4GB, na inatumia Windows 10. Inaniambia kwamba Windows hii haihudumiwi tena, nihamie Windows 11. Nikijaribu kuhamia, inanijibu kwamba mashine yangu haina sifa. Fundi wa mtaani anasema niiuze ninunue nyingine. Mwenzangu wa hosteli anasema nipige Linux. Hela ya laptopu nyingine sina, na tasnifu yangu yote imo humuhumu. Nifanyeje? — Mwenye Tasnifu, Morogoro.*

Mdogo wangu, kwanza tulia, hakuna kinachoungua. Wenye shida kama yako ni wengi, kwa hiyo wadogo zangu wote mnaohusika, sogeeni tuzungumze.

Microsoft ilisitisha huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Laptopu yako haitazima kwa sababu hiyo. Itaendelea kuwaka na kuandika, ila matundu ya usalama yatakayogunduliwa kuanzia hapo hayazibwi tena, isipokuwa kwa waliojiandikisha kwenye mpango wa muda wa nyongeza. Windows 11 nayo ina masharti yake: inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel, kwa sehemu kubwa inaanzia kizazi cha 8. Mashine nyingi za mtumba zinazouzwa kwetu ni za vizazi vya chini ya hapo. Si mbovu, zimeachwa tu.

Mwenzako wa hosteli hakukosea kukutajia Linux. Alichoruka ni hatua moja, na ndiyo ninayotaka uondoke nayo leo: jaribu kwanza, piga baadaye. Hata gauni la mtumba pale soko la Karume unalipima juu ya nguo ulizovaa kabla hujatoa hela. Linux nayo inakuruhusu hivyohivyo. Unaiweka kwenye flashi, unaiwashia humo, unaitumia, na Windows yako pamoja na tasnifu yako havijaguswa. Ukizima na kuchomoa flashi, laptopu inarudi kama ilivyokuwa. Hiyo ndiyo inayoitwa Linux ya laivu.

Linux ni nini hasa, na uchukue ipi?

Kiini cha Linux kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini. Kiini peke yake hakimfai mtu wa kawaida, kwa hiyo watu na mashirika mbalimbali wanakichukua, wanakiongezea kivinjari, programu za kuandikia na mwonekano wa skrini, kisha wanatoa furushi lililokamilika. Mafurushi hayo ndiyo yanayoitwa distro. Mjerumani Klaus Knopper ndiye aliyefanya watu wengi wazoee kuwasha Linux bila kuipiga kwenye diski, kwa CD yake ya Knoppix iliyotoka mwaka 2000. Mwaka 2004 ikaja Ubuntu ya Mark Shuttleworth, Mwafrika Kusini, ambayo kwa miaka kadhaa ilikuwa ikituma CD za bure kwa posta kwa yeyote aliyeomba. Mwaka huohuo wa 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Kwa hiyo anayekwambia haya ni mambo ya wazungu, mwambie yamefika kwetu zamani.

Distro ni nyingi mno, na vijana wanaweza kukesha wakibishana ipi bora. Wewe usiingie huko. Chukua Linux Mint. Imejengwa juu ya Ubuntu, menyu yake iko chini kushoto kama ulivyozoea, na haihitaji uwe fundi. Matoleo ya 22 yanahudumiwa mpaka mwaka 2029. Mahitaji yake ni RAM 2GB kwa uchache, ingawa 4GB ndiyo inayopendekezwa, na nafasi ya diski ya 20GB, ingawa ukiwa na 100GB utapumua. Ina sura tatu: Cinnamon, MATE na Xfce. Kwa RAM yako ya 4GB chukua Xfce, ndiyo nyepesi kuliko zote. Mwenye 8GB na kuendelea achukue Cinnamon bila wasiwasi.

Kuandaa flashi

Faili unalopakua ni kama 3GB, kwa hiyo usilipakue kwa bando la kuungaunga. Tumia waifai ya chuo, au subiri bando la usiku. Lipakue kutoka tovuti rasmi ya Linux Mint, si kwenye kiungo ulichotumiwa kwenye grupu la WhatsApp.

Ukishalipakua, lihakiki. Wengi wanaruka hapa, na nitakwambia kwa nini usiruke. Tarehe 20 Februari 2016 wadukuzi waliivamia tovuti ya Linux Mint yenyewe na kuwaelekeza watu kwenye faili lililopandikizwa mlango wa nyuma. Kuhakiki hukusaidia kugundua faili lisilolingana. Kwenye Windows, fungua dirisha la amri ndani ya folda yenye faili hilo, andika *certutil -hashfile*, acha nafasi, andika jina la faili, acha nafasi, malizia na *SHA256*. Utaletewa mstari wa herufi na tarakimu 64. Ulinganishe na ule ulioandikwa kwenye tovuti. Zikilingana zote, endelea. Ikipishana hata moja, futa, pakua upya.

Sasa tafuta flashi ya 8GB. Chochote kilichomo kitafutwa, kwa hiyo usichukue ile yenye picha za harusi ya dada yako. Kunakili faili na kulibandika kwenye flashi hakutoshi, haitawaka. Tumia programu ya bure kama Rufus au balenaEtcher: chagua faili, chagua flashi, bonyeza kuanza, subiri. Kabla hujabonyeza, soma jina na ukubwa wa flashi kwenye orodha, hasa kama umechomeka na diski ya nje.

Kuwasha

Zima Windows huku umeshikilia kitufe cha Shift wakati unabonyeza neno la kuzima. Kwa kawaida Windows haizimi kabisa, inajilaza nusu ili kesho iwake haraka, na ikiwa imejilaza hivyo Linux itaweza kusoma diski yake bila kuandika. Shift inailazimisha izime kwelikweli.

Chomeka flashi, washa, na hapohapo bonyezabonyeza kitufe cha kuchagua pa kuwakia. Kwa Dell yako ni F12. Lenovo nyingi pia ni F12, HP ni F9 au Esc, ASUS ni Esc, na Acer ni F12 ambayo mara nyingi inabidi kwanza iruhusiwe ndani ya mipangilio ya mashine iitwayo BIOS. Chagua jina la flashi. Itatokea menyu yenye maandishi machache, mstari wa kwanza ukianza na neno Start. Bonyeza Enter. Skrini ikibaki nyeusi tu, zima, rudi, uchague mstari wenye maneno *compatibility mode*.

Baada ya dakika chache utaona skrini ya Mint na alama ya CD iliyoandikwa *Install Linux Mint*. Hiyo usiiguse kwa sasa. Uko kwenye laivu, zunguka.

Usiangalie sura, kagua kazi

Hapa ndipo vijana wengi wanapopotea. Wanabadilisha picha ya ukutani, wanafurahi kwamba inapendeza, kisha wanapiga. Kesho yake wanagundua waifai haikamati. Laivu imewekwa ili ukague, kwa hiyo chukua karatasi na uandike kila kitu unachofanya na laptopu yako kwa wiki nzima, halafu kifanye kimoja kimoja.

Anza na waifai. Kama orodha ya mitandao haitokei kabisa, chipu ya laptopu yako huenda inahitaji draiva ya ziada, jambo la kawaida kwa zile za Broadcom. Unganisha simu kwa waya wa USB, uiruhusu igawe intaneti kupitia waya huo, kisha fungua *Driver Manager* uone kama inakupatia draiva. Halafu jaribu sauti: spika, kisha iafoni. Fungua kamera, ingia kwenye kikao cha majaribio cha Google Meet kupitia kivinjari, uone kama unasikika. Jaribu bluetuthi. Bonyeza vitufe vya kupandisha mwanga na sauti. Funika kioo, subiri kidogo, ufunue: inaamka, au inabaki giza? Kama una printa, chapa ukurasa mmoja.

Kisha fungua tasnifu yenyewe. Kwenye programu ya mafaili utaiona diski ya Windows, ifungue, utafute faili lako la Word na ulinakili kwenye skrini ya Mint. Ifungue hiyo nakala kwa LibreOffice, ambayo imo tayari. Angalia kwa makini: namba za kurasa ziko sawa? Jedwali la yaliyomo halijavurugika? Majedwali hayajaruka kurasa? Kama umetumia Times New Roman, Mint inaweza kuiwakilisha kwa Liberation Serif, fonti ambayo herufi zake zina upana uleule, kwa hiyo mistari haitakatika mahali pengine. Fonti halisi nazo unaweza kuziongeza baadaye kupitia *Software Manager*. Lakini kama msimamizi wako anakurudishia kazi yenye maoni pembeni, lijaribu faili la namna hiyo pia, usiishie kwenye barua ya ukurasa mmoja.

Mwisho, fungua programu iitwayo *Disks*, bonyeza jina la diski yako, utafute sehemu ya afya yake iliyoandikwa SMART. Ikikwambia diski inaelekea kufa, mdogo wangu, suala la Linux liahirishe. Okoa mafaili kwanza, kisha nunua SSD, yaani diski isiyozunguka. Na hata kama diski ni nzima, ikiwa ni ile ya zamani inayozunguka, SSD ndiyo itakayokupa nafuu unayoisikia kuliko kubadili mfumo wowote.

Mambo mawili uyajue ili usihukumu vibaya. Laivu ni nzito kuliko Linux iliyopigwa, kwa sababu kila kitu kinasomwa kutoka kwenye flashi. Ikijikokota kidogo, isamehe. La pili, ukizima, vyote ulivyoandika humo vinapotea, kwa kuwa vilikuwa kwenye RAM. Usikae laivu ukaandika sura ya nne ya tasnifu halafu ukazima. Kila unachotaka kibaki, kihifadhi kwenye flashi nyingine au mtandaoni.

Imekukubali? Sasa tuipige

Kaa nayo laivu mpaka karatasi yako iishe. Kama kila kitu kimekubali, ndipo tunapiga, na kabla ya hapo kuna masharti matatu ambayo siyalegezi.

Sharti la kwanza, nakala. Tasnifu, picha, vyeti, vyote viwe mahali pawili nje ya laptopu: diski ya nje na Google Drive, kwa mfano. Fungua nakala moja kwenye simu au kompyuta nyingine uhakikishe inafunguka. Nakala ambayo hujawahi kuifungua usiitegemee.

Sharti la pili, BitLocker. Laptopu nyingi zimefungwa diski zake kwa siri na mwenyewe hajui. Kama ya kwako imefungwa, ukianza kuchezea diski au BIOS, Windows inaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Uandike karatasini kabla hujaanza, au zima ufungaji huo kabisa kupitia mipangilio ya Windows na usubiri umalize.

Sharti la tatu, umeme. Chaji betri ijae, na chaja ibaki imechomekwa. Kwa laptopu ya mtumba ambayo betri yake imeshakufa, usianze wakati TANESCO wameshatoa ratiba ya mgao. Umeme ukikatika diski inapogawanywa, unaweza kupoteza vyote viwili, Windows na Linux.

Ukiwa tayari, ingia laivu tena na ubonyeze ile alama ya CD. Utaulizwa lugha, kibodi, na kama unataka kodeki za video na muziki. Kama una intaneti, zikubali. Kisha linakuja dirisha la kuogopwa, linalouliza ukae na Windows au uifute.

Chaguo lenye neno *alongside* linaiacha Windows na kuiweka Linux pembeni yake. Utaona upau mrefu uliogawanywa sehemu mbili, upande mmoja Windows, upande mwingine Mint, na katikati mstari unaouvuta kwa kipanya. Vuta uipe Mint angalau 40GB, na uiachie Windows nafasi ya kupumua. Chaguo lenye maneno *Erase disk* linafuta diski nzima: Windows, tasnifu, picha, kila kitu. Watu wameshalia kwa kubonyeza hapa wakidhani ni hatua ya kawaida. Chaguo la tatu, *Something else*, ni la wanaojua kugawa diski kwa mkono. Kama chaguo la kwanza halionekani kabisa, usilazimishe kwa kuchagua la pili. Simama, zima, utafute mtu anayejua.

Kwako wewe, Mwenye Tasnifu, chagua *alongside*. Mpaka utakapotetea tasnifu yako, Windows ibaki humo kama akiba. Kabla ya kuandika kwenye diski, programu itakuonyesha orodha ya mabadiliko na kukuuliza mara ya mwisho. Hiyo orodha isome. Baada ya hapo utachagua eneo kwenye ramani, Dar es Salaam, utaandika jina na nenosiri, na kazi iliyobaki ni ya kusubiri. Ikimaliza, chomoa flashi inapokwambia.

Siku za mwanzo

Kuanzia sasa ukiwasha laptopu utapokewa na menyu yenye Mint na Windows, uchague unakotaka kwenda. Ukirudi Windows, usishtuke ukikuta saa imerudi nyuma saa tatu: ni saa nne asubuhi, yenyewe inasema ni saa moja. Laptopu haijaharibika. Linux huweka saa ya ndani ya mashine kwa saa za dunia, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa tatu, na Windows inaisoma kana kwamba ni saa za hapa. Rudi Mint, fungua *Terminal*, andika *timedatectl set-local-rtc 1*, na ugomvi umekwisha.

Kisha fungua *Update Manager* uingize masasisho yote, na uwashe Timeshift ikuhifadhie picha ya mfumo. Siku ukiharibu kitu, unaurudisha mfumo ulivyokuwa jana. Ila Timeshift kwa kawaida inahifadhi mfumo, haihifadhi tasnifu yako. Nakala za tasnifu endelea kuzitoa mwenyewe. Programu mpya zitafute kwenye *Software Manager*, usizisake mtandaoni ukipakua kila unachokutana nacho.

Na wengine niwajibu kwa ufupi

*Dada, mimi nina duka Tanga na hesabu zangu zote ziko kwenye Tally. Nami nihame? — Mama Duka.*

Usihame, dada yangu. Tally imetengenezwa kwa ajili ya Windows, na biashara si mahali pa kufanyia majaribio. Hivyohivyo kwa wanaoishi kwa Photoshop, kwa wanaotumia faili za Excel zenye makro nzito, na kwa vijana wa michezo ya mtandaoni inayokagua wadanganyifu. Tumia hela kwenye mashine inayokubali Windows 11, na ile ya zamani wapigie watoto Mint wasomee.

*Windows yangu haiwaki kabisa, na fundi anataka kuformati. Picha za marehemu mama zimo ndani. — Binti wa Kisumu.*

Pole sana, mdogo wangu. Usimruhusu aformati bado. Omba kompyuta ya mtu, tengeneza flashi ya laivu kama nilivyoeleza, iwashe laptopu yako kwa flashi hiyo. Kama diski ni nzima, utayaona mafaili yako na utayanakili kwenye diski ya nje. Diski ikiwa imefungwa kwa BitLocker, utahitaji ule ufunguo wa tarakimu 48. Na kama inatoa mlio wa kugongagonga, zima mara moja uipeleke kwa mtaalamu wa kuokoa data. Picha zikishatoka, ndipo fundi afanye kazi yake.

Mwenye Tasnifu, hukumu yangu ni hii: usiuze laptopu, na usipige kitu wiki hii. Toa nakala za tasnifu leo, kabla hujalala. Jumamosi tengeneza flashi, ukague kwa karatasi mkononi. Kila kitu kikikubali, piga Mint pembeni ya Windows. Kikigoma kimoja unachokitegemea, chomoa flashi, hujapoteza hata shilingi. Na anayekuja kukupigia kwa haraka bila kukuuliza nakala ziko wapi, hata awe rafiki wa chumba kimoja, mnyime laptopu.